Njiwa wa Karamat

Mnunuzi wa visu anajulikana kwa kidole gumba. Mtu akishika kisu, hata kiwe cha kukatia vitunguu, atapitisha kidole gumba kwenye makali, taratibu, kwa upande, kisha atakitazama kidole kana kwamba kidole ndicho kitakachomtajia bei. Bashiran aliolewa katika nyumba ya visu akiwa msichana, na hakuwahi kumwona mnunuzi asiyefanya hivyo. Kwa hiyo wanaume wawili walipoingia karakana asubuhi ile, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, na yule mrefu akachukua kisu cha kuchunia ngozi na kukigeuza moja kwa moja kutazama chapa, asiguse makali hata kidogo, yeye nyuma ya pazia alishtuka.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, ikifungukia uchochoro mmoja wa Wazirabad, mji wa wafua visu huko Pakistan, ambao siku hizo za Idi ulikuwa ukilia chuma toka mwanzo hadi mwisho. Mumewe, Fundi Karamat, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mbele ya jiwe la kunolea, amejifunga kitambaa puani, ndevu zake zimejaa vumbi la kijivu.

"Mzee, chapa hii ya njiwa ni ya nani?" aliuliza yule mrefu.

Karamat alizima mashine. Alipenda sana kuulizwa swali hilo. "Yangu."

"Yako peke yako?"

"Nilipewa na baba, nami nitampa mwanangu siku nikifa. Kwa sasa njiwa ni wangu."

"Na yule wa kwenye mtandao? Njiwa Karamat?"

"Na huyo wangu," alisema Karamat, akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi. "Kijana wangu amemrusha dunia nzima. Mimi mambo hayo siyajui, lakini jina ni langu. Kwani huko kwenu amefika?"

"Amefika," alisema yule mrefu.

Mwenzake alikuwa ameinua simu kama mtu anayepiga picha visu vilivyotundikwa ukutani. Bashiran alivuta mtandio wake, akaingia na sinia la chai. Yule mrefu aliweka mkono kifuani. "Usijisumbue, mama."

"Si usumbufu, mwanangu. Ishamiminwa."

"Siku nyingine."

Walilipa kisu bila kupunguza hata rupia moja, wakatoka. Vikombe vilibaki pale juu ya sinia, maziwa yakifanya utando, utando ukijikunja pembeni kama ngozi ya mzee. Mama yake Bashiran alikuwa akisema kwamba mtu aliyebeba neno zito hanywi chai mpaka kwanza alitue. Anayeleta habari ya msiba husimama mlangoni na kiu yake. Bashiran alivitazama vile vikombe kwa muda, kisha akavimwaga kwenye mchirizi.

"Wateja wazuri wale," alisema Karamat, akiwasha tena mashine. "Hawana maneno mengi."

*

Zafar, mwana wao, alikuwa na chumba chake juu ya paa, kando ya kibanda cha njiwa kilichobaki kitupu tangu paka alipommaliza njiwa wa mwisho wa Karamat. Humo mlikuwa na kompyuta mbili, feni, na betri ya lori kwa ajili ya saa za kukatika umeme. Nabila, mkewe, tumbo lake limeshashuka kwa kukaribia kujifungua, alikuwa ameketi kitandani akimenya vitunguu saumu, kwa sababu joto lilikuwa kali na feni ya mle ndani ndiyo pekee iliyokuwa ikizunguka.

"Wamekuja watu wawili kumuuliza baba yako habari za njiwa," alisema Bashiran, akihema kwa ngazi.

"Wateja, mama?"

"Hawakunywa chai."

Zafar alicheka. "Wangekuajiri wewe polisi, jela zingejaa. Huyu kaacha chai, mfungeni. Yule kaacha na biskuti, mnyongeni kabisa."

Nabila naye alicheka, kisha akauona uso wa mama mkwe wake, akarudi kwenye vitunguu vyake.

"Waliuliza njiwa wa mtandaoni. Baba yako akasema ni wake, anadhani huko unauza visu. Mimi sijakuona ukifunga hata kimoja katika karatasi. Unauza nini, Zafar?"

Zafar alijikuna shingo. Hakuwa mtoto mwenye ukaidi. Tangu utotoni akiulizwa alijibu, ila ilibidi aulizwe. "Nauza milango, mama."

"Milango ya nini?"

"Tuseme mtu yuko Lahore, lakini anataka mtandao umwone kana kwamba yuko Multan, nyumbani kwa mtu. Ananunua kwangu mlango wa Multan. Anapita humo, anaonekana ni mtu wa humo. Ndiyo wanaita proksi."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwa watu tu. Mtu ana simu yake, amejiwekea kijiprogramu cha bure, na kile kijiprogramu kinapitisha wageni yeye asihisi."

"Anajua?"

"Alibonyeza kukubali."

"Nimeuliza, anajua?"

Zafar alizungusha kiti chake kidogo upande wa dirisha. "Mama, hiyo si kazi yangu. Kuna kampuni kubwa ng'ambo inayouza kwa jumla. Mimi nanunua kwao, nauza rejareja. Lakini mteja akiona jina lao atanipita aende huko huko. Kwa hiyo unanunua jina lako mwenyewe la mtandao, unalibandika juu. Mteja akiingia anaona Njiwa Karamat, haoni mwingine. Kampuni yenyewe inakuhimiza ufanye hivyo. Kwani baba anafanya tofauti? Tangu kifua kimharibikie hafui tena. Bapa tupu la kisu ananunua kwa wafuaji, ananoa, anatia mpini, anagonga njiwa. Watu wananunua njiwa."

"Baba yako hukikunja kisu kukijaribu kabla ya kugonga."

"Mlango haukunjwi, mama."

Bashiran hakujua milango hiyo hukaguliwa vipi, au kama hukaguliwa. "Na wanaonunua ni kina nani?"

"Wenye shughuli zao. Siwaulizi. Ukimuuliza mtu sana anakwenda kwa jirani."

"Kwa hiyo hiyo kampuni haionekani, na hao wanunuzi hawaonekani."

"Ndiyo biashara yenyewe. Mimi ndiye ninayeonekana."

"Wewe?"

Hapo Zafar alisita. "Baba," alisema. "Jina likinunuliwa huandikishwa mwenyewe na kitambulisho chake. Nikaandika vya baba. Nilikuwa na picha ya kitambulisho chake tangu tulipobadilisha mita ya umeme."

"Ungeandika chako."

"Changu?" Aligeuka kumtazama, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Na baba yu hai? Wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kuvua kiatu unipige nacho."

Na ni kweli angempiga. Katika uchochoro wao mwana hatundiki kibao cha jina lake na baba yake angali anavuta pumzi. Kijana wa jirani aliwahi kutundika chake wakati baba mtu kalazwa kwa homa tu, na kesho yake watu wakaja na nyuso za kilio, wengine wamebeba sufuria za wali, wakamkuta marehemu kitandani anakunywa mchuzi. Zafar alikuwa ameandika jina la baba yake kwa adabu. Bashiran aliliona hilo wazi, na ndilo lililomtia hofu, maana angekuwa amefanya kwa ujanja, angejua pa kumshika.

*

Aliyeleta habari yenyewe alikuwa Gulzar mchinjaji, mtu mnene, mpole, ambaye visu vyake vyote vilikuwa vya njiwa. Alikuja na furushi lake kama kila mwaka. Safari hii alilishika chini ya kwapa, hakuliweka juu ya meza.

"Ami Karamat," alisema, "nimeleta vya kunoa. Ila nina ombi, usinielewe vibaya."

"Sema. Unataka vya watu waliokutangulia viwekwe kando? Kila mwaka unataka hivyo."

"Hapana, ami. Nataka ukivinoa, umsugue na njiwa."

Karamat alishusha kitambaa chake cha puani. "Nimsugue vipi?"

"Umfute." Gulzar alitazama ncha za viatu vyake. "Shemeji yangu wa Gujrat, yule mwalimu mstaafu, amekombwa kiinua mgongo chake chote benki. Na si yeye tu, wako wengi, wengine walikuwa wanaweka ya kwenda Hija. Mwizi amekamatwa Lahore. Wanasema benki haikumshtukia kwa sababu kila alipoingia alionekana yuko mtaa ule ule wa mwenye akaunti. Na kwenye kompyuta yake njia yote aliyopitia imeandikwa Njiwa Karamat. Imeshafika kwenye simu za watu, ami, mpaka picha ya chapa. Mimi nakujua. Baba yangu alikujua. Lakini siku ya Idi nachinja uani kwa watu, na watu siku hizi wanatazama kisu."

Bashiran alikuwa mlangoni na kapu la mikate. Alimwona mumewe akinyoosha mkono kulichukua lile furushi. Karamat alikichukua kisu cha kwanza, akakilaza kwenye jiwe upande wa chapa, cheche zikaruka. Njiwa wake alikuwa mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, hakuchukua muda. Alivisugua vyote. Gulzar alipolipa, aliweka noti moja zaidi juu ya meza.

"Ya nini hii?"

"Ya usumbufu, ami."

"Ichukue," alisema Karamat. "Kufuta hakuna bei. Kugonga ndiko kwenye bei."

Gulzar alipotoka, jirani wa ng'ambo ya pili ya uchochoro aliuliza kwa sauti, ili wote wasikie, kama siku hizi kwa Karamat wanauza visu au wanauza funguo za benki. Mtu akacheka. Karamat aliweka mikono juu ya magoti.

"Mama Zafar," alisema, "niitie mwanao."

*

Zafar alieleza yote, kwa heshima, amesimama, mikono ameifumbata mbele. Karamat alimsikiliza kama alivyowasikiliza wafuaji waliomuuzia chuma kibovu. Kazi yao ilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: kisu kikivunjika, mnunuzi hamtafuti aliyekifua. Humrudia mwenye chapa. Mwaka mmoja Karamat alimbadilishia mpishi wa maharusi visu vyake vyote, na kosa lilikuwa la mfuaji, na mfuaji alikuwa ameshahama.

"Umeifunga biashara hiyo?" aliuliza.

"Kampuni imenifungia yenyewe, baba. Wateja wananitukana tangu asubuhi."

"Hao wa ng'ambo wamesema nini?"

"Wameandika kwamba aliyebandika jina ndiye anayejibu."

Karamat alitikisa kichwa polepole. "Hilo wamesema kweli," alisema. "Washenzi, lakini hilo wamesema kweli."

Yule mnunuzi mrefu alipiga simu walipokuwa wakila dengu jioni, jua bado liko uani. Alijitaja jina sasa: Afisa Iftikhar, wa kitengo cha makosa ya mtandao, Gujranwala. Aliongea kwa adabu. Alimwomba mzee asitoke kesho asubuhi, na asiguse chochote kilichoko juu ya paa. Karamat alisema vyema, akairudisha simu juu ya mkeka, akaendelea kumega mkate.

Nabila alikuwa ameacha kula. "Baba," alisema, na sauti yake ilitoka ndogo, "mtoto ni wa wiki hizi hizi. Azaliwe baba yake yuko."

"Hakuna aliyesema hatakuwepo, binti."

"Baba, nitawaambia ni yangu," alisema Zafar.

"Jina lililoandikwa ni langu. Kitambulisho changu. Nimemwambia mwenyewe yule bwana, kwa kinywa changu, njiwa ni wangu. Wewe una mtoto njiani. Mimi wataniuliza, wataona mzee hajui hata kuwasha hiyo kompyuta, watanirudisha."

"Hapana, baba," alisema Zafar.

Bashiran alimtazama mwanawe. Kwao hata mgeni akiongezewa kipande cha nyama hukataa mara tatu: ya kwanza ni adabu, ya pili ni desturi, ya tatu ndiyo inayosemwa na moyo. Zafar alikataa mara moja. Bashiran alingoja ya pili. Zafar aliinama, akachukua mkono wa baba yake, akaubusu, akaugusisha kwenye macho yake, na machozi yake yalikuwa ya kweli kabisa. Ya pili haikuja.

"Atakwenda na kifua kile?" aliuliza Bashiran, akimgeukia mwanawe. "Na vumbi lote lile kifuani?"

"Nitakwenda nacho, nina kingine?" alisema Karamat. "Na wewe usiseme kitu. Wakikuuliza, wewe ni mtu wa jikoni."

*

Walikuja na gari moja, asubuhi, wakati kila mlango wa uchochoroni ulikuwa wazi kwa shughuli. Vijana wawili walipanda juu, wakateremsha kompyuta zikiwa zimefungwa kwa shuka la Nabila, lenye maua. Afisa Iftikhar alisimama karakana. Aliomba na ile chapa yenyewe, muhuri wa chuma anaogongea Karamat. Karamat alisema ameipoteza. Bashiran alijua ilipo: aliichukua alfajiri kutoka mkononi mwake, ingali na joto la mkono, akaizika ndani ya pipa la unga.

"Kuna mtu mwingine anayehusika na biashara hii, mzee?"

"Mimi."

"Kompyuta unatumia wewe?"

"Mali ni yangu."

Iftikhar aligeuka kwa Zafar. Zafar alikuwa amepiga goti. Alikuwa amevileta viatu vya baba yake, vile vya Ijumaa, amevifuta vumbi kwa ncha ya kanzu yake, na sasa alikuwa akivipanga mbele ya miguu ya mzee, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto. Hakuinua uso. Watu walikuwa wanatazama kutoka nje, na mwanamke mmoja alisema, ona kijana mwenye adabu, kila mtu angejaliwa mtoto kama yule.

"Mama?" alisema Iftikhar.

Karamat alikohoa. Bashiran alivitazama vile viatu. Aliona vidole vya mwanawe vikichelewa juu ya gidamu, vikichelewa makusudi, ili yale maswali yapite.

"Mimi ni mtu wa jikoni," alisema.

Mumewe alipanda gari bila kusaidiwa. Alipofika nusu ya hatua kifua kilimkaba, akasimama ameshika mlango, watu wote wakimtazama akitafuta pumzi, na jirani aliyeuliza habari ya funguo za benki akaingia ndani kwake.

*

Idi ilipita. Wao hawakuchinja. Miaka mingine sahani za nyama kutoka kwa majirani zilijaa mpaka Bashiran akalalamika hana pa kuziweka; mwaka huu zilikuja chache, na zote zililetwa na watoto, ambao waligonga, wakaacha, wakakimbia. Wakili wa kwanza alisema kesi ni nyepesi. Wa pili alisema ni nzito, na ndiye waliyemchukua, kwa kuwa alionekana mkweli, na kwa ajili yake wakaiuza ile mashine kubwa ya kunolea. Karakana ikawa kimya. Nabila alianika humo nguo za mtoto aliyekuwa akingojwa.

Siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, Bashiran alisikia feni ya juu inazunguka. Alipanda ngazi. Zafar alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ngeni, iliyochakaa, ya kuazima.

"Karibu, mama. Nilitaka kushuka nikuone." Akamwachia kiti. "Nipe kitambulisho chako dakika moja nikipige picha."

"Cha nini?"

"Wakili anataka pesa nyingine. Sina pa kuzitoa. Kuna kampuni tofauti nimezungumza nayo, hii ni safi, wana masharti. Nikianza wiki hii, mwisho wa mwezi tunamlipa, baba anatoka. Nafanya kwa ajili ya baba."

"Milango?"

"Milango, mama. Mimi najua kazi gani nyingine?"

Nabila alikuwa kitandani, ameegemea ukuta, macho yake yako kwenye mikono yake. Bashiran alimuuliza yeye, "Unajua habari hii?"

"Ameniambia jina tu, mama."

"Jina gani?"

"Zuri, halina doa," alisema Zafar, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile uso wake ulikunjuka. "Mahnoor."

Hilo ndilo jina Karamat alilomchagulia mjukuu kama angekuwa wa kike. Alilitoa siku aliyoambiwa kuna mimba, akalirudia mara kadhaa peke yake juu ya jiwe la kunolea, kama mtu anayeonja sukari. Nabila aliweka kiganja juu ya tumbo lake, akakiacha hapo.

"Mtoto hajazaliwa," alisema Bashiran.

"Ndiyo baraka yenyewe. Anakuja na riziki yake."

"Basi andika kitambulisho chako. Kibao ni chako sasa. Baba yako hayupo nyumbani."

Zafar alimtazama kwa upole mkubwa, kama anayemkumbusha mzee jambo alilosahau. "Baba yu hai, mama," alisema, na mkono wake ukabaki umenyooka mbele yake, kiganja juu.

Bashiran alikitazama kiganja kile. Kilikuwa laini, hakikuwa na kovu hata moja, na yeye na Karamat walikuwa wamejisifia hilo kwa watu.

"Kesho," alisema. "Kesho ndiyo siku ya kumwona baba yako. Bila kitambulisho hawanipitishi getini."

"Haina shida," alisema Zafar. "Nakumbuka ninayo picha ya zamani ya kitambulisho chako mahali. Nikiipata nitaanza tu, usihangaike."

*

Mahabusu ilikuwa nyuma ya ofisi za kitengo cha makosa ya mtandao kule Gujranwala. Karamat aliletwa kwenye wavu akitembea kwa kushika ukuta. Ndevu zilikuwa zimeoshwa. Bashiran hakuwahi kujua kuwa chini ya lile vumbi zilikuwa nyeupe kiasi kile.

"Zafar hajambo?"

"Hajambo. Ameanza kazi."

"Alhamdulillahi. Na binti?"

"Siku yoyote."

Karamat alivuta pumzi, akangoja, akaivuta tena. Kila sentensi ilimgharimu. "Na njiwa?"

"Yuko kwenye unga."

Alitabasamu. "Akizaliwa mtoto, mwambie Zafar aje naye nimwone hapa wavuni. Na wewe, Mama Zafar, kama tulivyosema. Usiseme kitu. Nimeshayabeba mimi, yameshazoea mgongo wangu."

"Umeleweshwa na joto," alisema Bashiran. "Kunywa maji." Alimpitishia mkate uliokunjwa katika kitambaa, na dawa ya kifua. Hakumwambia jina la mtandao mpya. Alikaa akamtazama akila, mpaka mlinzi akagonga mlango kwa ufunguo.

Alipotoka, lango lilikuwa upande wa kushoto, na nje ya lango gari za Wazirabad. Bashiran alisimama kwenye korido, amebana mfuko wake ubavuni. Ndani ya mfuko mlikuwa na kitambulisho chake, na chini yake, katika kitambaa kilichokuwa bado na unga kwenye mikunjo, kile kipande cha chuma. Alikuwa amekichukua asubuhi bila kujiuliza kwa nini. Alimuuliza mlinzi chumba cha Afisa Iftikhar ni kipi.

Iftikhar alisimama alipomwona. Alimvutia kiti chini ya feni, akamwita mtumishi. "Chai ya mama. Maziwa mengi. Na maji baridi." Kisha akaketi. "Umetoka kumwona mzee? Nimemwombea daktari, mama. Nimeomba mara mbili. Karatasi zinakwenda polepole."

"Mungu akulipe."

"Wewe una kitu?"

Bashiran alifungua mfuko, akaweka kitambulisho mezani, juu yake akaiweka chapa. Unga kidogo ulimwagika kwenye karatasi za afisa. Njiwa alikuwa juu, amegeuzwa kama vile chapa zote zinavyogeuzwa, akiruka upande usio wake.

Chai ililetwa. Kikombe kilikuwa kizuri, cha wageni, chenye ukingo wa dhahabu.

"Kunywa kwanza, mama. Joto kali, na umetoka mbali."

Bashiran alikuwa na kiu. Alikitazama kikombe, akaweka ncha za vidole kwenye kisahani, akakisukuma taratibu mpaka upande wa pili wa meza.

Afisa Iftikhar naye alizaliwa na mama. Alikitazama kikombe, akamtazama Bashiran, kisha akainuka na kufunga mlango. Alipoketi tena alifungua kalamu, akangoja. Nje mtu alikuwa akipiga soga kwa sauti na mlinzi. Juu ya chai utando wa maziwa ulianza kushika, ukajikunja pembeni, na Bashiran akaanza kwa jina la mwanawe.